Testosteroni tele, mbegu hakuna: kisa cha mfanyabiashara wa dagaa wa Mwanza

Mume ana miaka 33, mke 29. Walipokuja kwangu walikuwa kwenye mwaka wa nne wa ndoa na hawakuwa wamepata mimba, hata ya kuharibika. Mume hununua dagaa visiwani Ukerewe na kuwauza kwa jumla Mwaloni, Kirumba. Mke ni fundi cherehani, Buzuruga. Maelezo yanayoweza kuwatambulisha nimeyabadilisha. Wenyewe wameridhia kisa chao kiandikwe, kwa kuwa wanaamini wapo wenzao wengi kando ya ziwa hili wanaopita njia hiyohiyo bila kujua.

Aliyekuja kwanza ni mke, peke yake, na bahasha nene mkononi. Alishapigwa picha ya mirija, na mirija yote miwili ilikuwa inapitisha. Alikuwa na majibu ya ultrasound ya kizazi zaidi ya moja, yote safi. Alikuwa na vipimo vya homoni vilivyoonyesha kwamba yai linapevuka kila mwezi. Alishatibiwa mara kadhaa "uchafu wa kizazi" bila karatasi yoyote inayoonyesha huo uchafu ulikuwa ugonjwa gani. Mitishamba alishakunywa, ya Magu na ya Sengerema. Na mama mkwe alikuwa ameanza kuulizia ng'ombe wa mahari, walitolewa wangapi na kwa kazi gani.

Nilipekua bahasha yote. Hapakuwa na karatasi hata moja yenye jina la mume.

Hili linaniuma kila ninapolikuta, na ninalikuta mara nyingi. Kipimo cha manii hakina maumivu, hakihitaji mashine kubwa, na ni cha bei ndogo kuliko picha ya mirija. Sababu za upande wa mwanaume, ziwe peke yake au zikichanganyika na za mwanamke, zinahusika katika karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto. Kumpitisha mwanamke kwenye vipimo vya kuchomwa na kuingiziwa dawa kizazini kabla mume hajatoa sampuli moja ni kumwonea. Nilimwambia, "Dada, safari ijayo njoo na mwenzako. Kama ni vigumu kumwambia, nipe namba yake nitampigia mwenyewe." Alinipa namba.

Mume alikuja, na hakuja kwa shingo upande kama nilivyotegemea. Ni mtu wa miraba minne, kifua kimejaa, mikono inabana shati. Alisema tendo la ndoa halina tatizo lolote, hamu anayo, na nguvu anazo. Alilisema hilo kama ushahidi kwamba kasoro haiwezi kuwa kwake. Wengi hufikiri hivyo, lakini nguvu za tendo na mbegu ni vitu viwili tofauti. Mwanaume anaweza kuwa na nguvu tele na manii ya kutosha, na ndani ya manii hayo isionekane mbegu hata moja.

Alikulia Kwimba, akioga na kucheza kwenye majaruba ya mpunga, na alipokuwa darasa la tatu au la nne alikojoa damu. Huku kwetu swali hilo halirukwi. Kichocho cha mkojo hakiishii kwenye kibofu: mayai ya vimelea hunasa pia kwenye tezi dume na kwenye vifuko vya manii, na yanaweza kuacha makovu yanayoziba njia. Matumbwitumbwi aliugua akiwa mtoto mdogo, kabla ya kubalehe, kwa hiyo haikuelekea kuwa yalifika kwenye korodani. Magonjwa ya zinaa alikana. Dawa anazotumia, alisema, hakuna.

Katika kumpima niliona mambo matatu. Mgongo na mabega vilikuwa na chunusi nyingi za mtu wa miaka 17. Chini ya chuchu zote mbili palikuwa na tishu ngumu kidogo, na nilipobonyeza alikunja uso. Korodani zilikuwa mahali pake, zote mbili, lakini laini na ndogo: ultrasound ilitoa mililita 10 kulia na 9 kushoto. Kwa mtu mzima tunategemea kama 15 na kuendelea. Hakukuwa na mishipa iliyovimba, na mirija ya kupitisha mbegu ilipapasika pande zote mbili.

Sampuli ya kwanza ya manii ilikuwa mililita 2.8, kiasi kizuri. Chini ya hadubini, hakuna mbegu. Maabara wakaizungusha kwenye sentrifuji na kuangalia mashapo, hakuna. Tulirudia baada ya wiki tatu, na jibu likawa lilelile. Kwa kulinganisha, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unaweka kiwango cha chini cha kawaida kuwa mbegu milioni 16 kwa kila mililita.

Mbegu zikikosekana kabisa kuna njia mbili za kufikiri: ama zinatengenezwa na njia imeziba, ama hazitengenezwi. Kichocho cha utotoni kilituvuta kwenye njia ya kwanza. Lakini manii yalikuwa ya kutosha, sukari ya fruktosi inayotoka kwenye vifuko vya manii ilikuwepo, na makovu kwenye tezi dume hayafanyi korodani kunywea kiasi kile. Tulimpima mkojo na kumpa prazikwanteli, dawa ya kichocho, kwa kuwa ni haki yake kuipata, kisha tukageukia homoni.

Majibu ya homoni ndiyo yaliyobadilisha kisa. Testosteroni, homoni ya kiume, ilikuwa nanomoli 46 kwa lita, wakati kiwango cha juu cha maabara ile ni 29. Prolaktini, homoni nyingine ambayo ikizidi huweza kuzuia uzazi, ilikuwa sawa. LH na FSH, homoni mbili za tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, zinazoziamuru korodani kufanya kazi, zote mbili zilikuwa chini ya kiasi ambacho mashine inaweza kukisoma. Na kwenye kipimo cha kawaida cha damu, kile cha FBP ambacho huwa tunakipitia haraka, himoglobini ilikuwa 18.6.

Namba hizi lazima zisomwe pamoja. Ingesomwa testosteroni peke yake, angepewa mkono wa pongezi na kurudishwa nyumbani.

Kama korodani zenyewe zingekuwa zimeharibika, pituitari ingekuwa inapaza sauti: FSH juu, LH juu, testosteroni ya kawaida au ya chini. Kama njia ingekuwa imeziba, homoni zote zingekuwa za kawaida. Kuna hali ya tatu, adimu, ambayo niliiwaza nilipoona yale matiti: mtu anazaliwa na kasoro kwenye jeni ya kipokezi cha androjeni, yaani protini inayoziwezesha seli kuzisikia homoni za kiume kama testosteroni. Jeni hiyo iko kwenye kromosomu X, kwa hiyo mtoto wa kiume huipata kwa mama yake, na mara nyingine ukiuliza utasikia kuna mjomba naye hakupata mtoto. Kwa mtu huyo testosteroni huwa nyingi, lakini seli hazisikii vizuri. Pituitari nayo haisikii, kwa hiyo huendelea kumwaga LH. Alama yake ni testosteroni juu pamoja na LH juu.

Kwa mgonjwa wetu testosteroni ilikuwa juu na LH haionekani. Maana yake vipokezi vyake vilikuwa vinasikia vizuri mno. Korodani zisizoamriwa na LH haziwezi kutoa testosteroni ya kiasi kile. Uvimbe unaotengeneza homoni peke yake ulibaki kama uwezekano mdogo, na ultrasound ya korodani haikuonyesha kitu. Kilichobaki ni kwamba homoni inatoka nje ya mwili. Himoglobini ya juu, chunusi na matiti vilisema hivyohivyo, maana testosteroni ikizidi huuchochea mwili kutengeneza chembe nyekundu za damu, na sehemu yake hugeuzwa kuwa estrojeni, homoni ya kike inayokuza matiti.

Niliwaita wote wawili. Nikamwambia, "Kaka, damu yako inaonyesha kuna testosteroni inaingia kutoka nje. Unachoma nini?"

Alimtazama mke wake. Mke akasema, "We sema tu."

Alianza mwaka mmoja kabla ya ndoa, kwenye ukumbi wa kunyanyua vyuma. Rafiki wa mazoezi alimpa sindano ya mafuta ya testosteroni enantheti, miligramu 250, akawa anachoma moja kila wiki kwenye paja. Mwili ukajaa. Alipooa aliendelea. Mwaka wa kwanza ukapita bila mimba, maneno ya ndugu yakaanza, na yeye akawaza kwamba kama homoni hii ndiyo inayomfanya mwanaume kuwa mwanaume, basi akiongeza dozi mtoto atapatikana. Akaanza kuchoma mbili kwa wiki. "Nilijua naongeza mbegu, dokta," alisema. Mke wake aliinamisha kichwa akalia, na sikuweza kumlaumu.

Kwa hiyo muda wote ambao mke alikuwa akimeza mitishamba, mume alikuwa akichoma kitu kilichokuwa kikifanya kazi kama uzazi wa mpango. Na si kwa kusema tu. Shirika la Afya Duniani lilijaribu testosteroni enantheti kama njia ya kupanga uzazi kwa wanaume, kwa sindano ya miligramu 200 kila wiki. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1990, wanaume 157 waliofikia hatua ya kutokuwa na mbegu kabisa walifuatiliwa kwa mwaka wakiwa hawatumii kinga nyingine, na ikapatikana mimba moja tu. Mgonjwa wetu alikuwa akichoma miligramu 500 kwa wiki.

Kipokezi kimoja, sehemu mbili

Ilibidi nimweleze kwa nini. Mtu akielewa ndipo huacha kabisa. Akiambiwa tu "acha", huacha mbele ya daktari.

Testosteroni haifanyi kazi kwa kuzunguka kwenye damu. Inafanya kazi pale inapoingia ndani ya seli na kushikana na protini iitwayo kipokezi cha androjeni. Kabla ya hapo kipokezi hicho hukaa kimeshikiliwa na protini nyingine ndani ya seli, kimetulia. Homoni ikishikana nacho hubadilika umbo, huingia kwenye kiini cha seli, huungana na mwenzake wawili wawili, na kushika sehemu maalumu za DNA ili kuwasha jeni fulani na kuzima nyingine. Seli isiyo na kipokezi hicho inaweza kuogeshwa testosteroni mchana kutwa isihisi kitu.

Vipokezi vya androjeni viko sehemu nyingi mwilini: kwenye misuli, kwenye ngozi, kwenye ubongo, na kwenye korodani. Kwa uzazi, sehemu mbili ndizo zinazoamua.

Ya kwanza ni ubongoni. Haipothalamasi na pituitari hupima wingi wa testosteroni kwa kutumia vipokezi hivi, na pia kwa vipokezi vya estrojeni inayotokana nayo. Homoni ikitosha, hupunguza LH na FSH. Ikipungua, huongeza. Sindano ya nje ikijaza damu, sehemu hii huona kwamba kuna ziada na kunyamaza kabisa.

Ya pili ni ndani ya korodani, kwenye seli za Sertoli. Hizi ndizo seli zinazozilea mbegu tangu changa mpaka zinapoachiwa. Jambo ambalo watu wengi, hata wa taaluma yetu, huwa hawalifahamu ni kwamba mbegu zenyewe hazihitaji kipokezi cha androjeni. Ni mlezi wao anayekihitaji. Mwaka 2004 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, na wenzao walichapisha kazi juu ya panya walioondolewa kipokezi hicho kwenye seli za Sertoli peke yake, seli nyingine zote zikabaki nacho. Panya wale walikuwa na umbo la dume la kawaida, na korodani zao zilishuka kama kawaida. Lakini mbegu zao zilikwama kwenye meiosisi, ule mgawanyiko unaopunguza kromosomu kuwa nusu, na hawakuweza kuzalisha. Ukuta unaotenganisha mbegu zinazokua na damu, na uwezo wa mlezi kuzishika mbegu mpaka zikomae, vyote hutegemea kipokezi hicho kipate homoni yake.

Na kinaihitaji kwa wingi. Ndani ya korodani yenye afya testosteroni ni mara 50 hadi 100 kuliko ile ya kwenye damu, kwa sababu inatengenezwa hapohapo na seli za Leydig, jirani wa seli za Sertoli, kwa amri ya LH. LH ikikatika, seli za Leydig huacha kazi, na testosteroni ya ndani ya korodani hushuka kwa zaidi ya asilimia 90, hata kama ya kwenye damu imepita kiwango. Hakuna sindano ya pajani inayoweza kuufikia wingi ule. FSH nayo, ambayo vipokezi vyake kwa mwanaume vipo kwenye seli hizohizo za Sertoli, inakuwa imekatika. Mlezi anakosa vyote viwili.

Kwa mume nililieleza kwa biashara yake. Malori ya dagaa wa bei ya kutupa yakimwagwa Mwaloni kila wiki kutoka kwingine, hakuna atakayepiga simu Ukerewe kuagiza mzigo. Mitumbwi itafungwa, na nyumba ya mvuvi kisiwani italala bila kitoweo wakati Kirumba dagaa wanaoza. Alicheka kidogo, kisha akauliza swali la mtu aliyeelewa: "Nikiacha sasa, wale wa Ukerewe watarudi majini lini?"

Kurudi

Jibu la kweli ni kwamba kwa walio wengi hurudi, lakini si haraka. Uchambuzi uliounganisha wanaume waliotumia homoni hizi katika majaribio ya uzazi wa mpango, uliochapishwa mwaka 2006, ulikadiria kwamba asilimia 67 hurudi kwenye mbegu milioni 20 kwa mililita ndani ya miezi 6, asilimia 90 ndani ya 12, na karibu wote ndani ya 24. Wale walitumia dozi ya kitabibu, kwa muda mfupi. Wetu alitumia kwa takriban miaka mitano, na miaka ya mwisho kwa dozi kubwa. Nilimwambia hivyo bila kupunguza.

Tulisimamisha sindano siku ileile. Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu, na nilimwonya mapema: dawa ya nje inaisha mwilini wakati pituitari bado imenyamaza, kwa hiyo mtu hubaki bila testosteroni ya nje wala ya ndani. Hamu ilipotea, usingizi ukaharibika, akawa mkali kwa vijana wake wa kubeba mizigo. Hapa ndipo wengi hurudia sindano. Mke wake ndiye aliyemshikilia, na simu zake kwangu za jioni zilikuwa sehemu kubwa ya tiba kuliko nilivyoandika kwenye faili.

Kuanzia mwezi wa pili tulimpa hCG, uniti 3,000 mara tatu kwa wiki. Hii ni homoni ileile inayofanya kipimo cha mimba kionyeshe mistari miwili, na inafaa kwa mwanaume kwa sababu inashikana na kipokezi cha LH kwenye seli za Leydig. Korodani huanza kutengeneza testosteroni yao wenyewe bila kusubiri pituitari iamke. Ikishachanganywa inataka jokofu, na mtu anayelala visiwani kufuata mzigo hana jokofu; ikabidi kwa miezi kadhaa mdogo wake aende Ukerewe badala yake. Baadaye tuliongeza klomifeni, miligramu 25 kwa siku, ambayo hufunika vipokezi vya estrojeni ubongoni ili haipothalamasi iache kuona ziada na kurudisha LH na FSH. Kwa wanaume klomifeni hutumika nje ya matumizi yaliyosajiliwa, na nilimweleza hivyo kabla hajaikubali.

Mbegu moja huchukua takriban siku 74 kutengenezwa, na muda mwingine kusafiri na kukomaa kabla ya kutoka. Kwa hiyo kupima kila wiki mbili ni kujitafutia huzuni. Tulipima mwezi wa tatu tangu kuacha: hakuna mbegu, lakini korodani zilikuwa zimefika mililita 13. Mwezi wa sita: mbegu chache, zinazohesabika kwenye mashapo, baadhi zikitembea. Mwezi wa tisa: milioni 7 kwa mililita. Hapo tulimwondoa kwenye hCG, kisha kwenye klomifeni, ili tujue kama mwili unasimama wenyewe. Mwezi wa 13: milioni 19, zinazotembea asilimia 41, homoni na damu zikiwa zimerudi kwenye kawaida: LH 4.1, FSH 5.6, testosteroni 16, himoglobini 15.2. Tishu ya chini ya chuchu imepungua lakini haijaisha, na huenda isiishe bila upasuaji.

Mimba bado. Wenzi wenye afya kamili hupata nafasi kama moja kwa tano kila mwezi, na hawa ndio kwanza wameingia kwenye namba zinazowapa nafasi ya haki. Tumekubaliana kusubiri mpaka mwezi wa 20 kabla ya kuzungumzia kusaidiwa maabara. Mume mwenyewe alimwendea mama yake na kumweleza tatizo lilikuwa la nani. Mke aliniambia hilo kabla ya kuniambia kitu kingine chochote.

Wapo wanaume ambao testosteroni yao ni ya chini kwelikweli na wanahitaji kuongezewa. Tiba hiyo ipo na ni halali. Ila kwa mwanaume yeyote ambaye bado anataka mtoto, sindano ya testosteroni si ya kuanza nayo, iwe imetoka kwa rafiki wa mazoezi au kwa mkono wa daktari. Na anayechunguza mwanaume asiye na mbegu aandike testosteroni, LH na FSH kwenye fomu moja, damu itolewe asubuhi, na amuulize mgonjwa kuhusu sindano, poda na vidonge vya mazoezi kwa majina yake.

Mwezi uliopita mume alikuja na vijana wawili wa ukumbi uleule, wote hawajaoa. Mmoja ameacha tangu siku hiyo. Mwingine LH yake haisomeki, na amesema atafikiria.